Mtemi Mirambo na timu inayochelewa kuamka



Nimekaa kimya wiki mbili na wengi wenu sababu mnaijua. Timu yetu ya chuo pale Tabora imecheza mechi tatu za mashindano ya vyuo, na zote tatu imeanza kwa kufungwa. Ya kwanza dakika ya 4. Ya pili dakika ya 9. Ya tatu tulikuwa bado tunatafuta kivuli cha kukaa, wengine tunachagua karanga, tukasikia kelele upande wa pili, kumbe mpira uko wavuni. Mbili tukasawazisha kwa taabu, moja tukalala. Sasa Jumamosi mashabiki wana kikao na ajenda ni moja tu: kocha aondoke.

Mimi nilimaliza pale zamani, lakini mapenzi ya timu hayana cheti cha kuhitimu. Nikiwa mwaka wa pili nilikuwa mstari wa mbele kumpigia kelele kocha wa wakati huo kwa kosa hilihili la kuanza tumelala. Ilivyoishia nitawaambia mwishoni. Kwanza nataka niwape stori ya mtu mmoja, maana wiki hizi mbili nimekuwa nikimfikiria yeye kuliko kumfikiria kocha.

Ukisoma Tabora jina lake huwezi kulikwepa. Kuna sekondari ya Milambo. Kuna kambi ya jeshi ya Milambo. Kulikuwa na timu ya mpira ya Milambo ambayo wazee wa mji bado wanaizungumzia kwenye kahawa. Ukipanda basi au treni kuelekea magharibi unafika Urambo, na huo ni mji na wilaya nzima vilivyobeba jina lake. Milambo na Mirambo ni mtu yuleyule, ni ulimi wa Kinyamwezi na kalamu za wageni tu zilizotofautiana. Lakini waulize wanafunzi kumi alifanya nini hasa, tisa watakwambia alipigana na Waarabu, basi, stori imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Alizaliwa kama mwaka 1840, jina lake Mtyela Kasanda. Baba yake Kasanda alikuwa mtemi wa Uyowa, magharibi ya Tabora. Ukisikia mtoto wa mtemi usifikirie mfalme mwenye majumba. Unyamwezi wa wakati ule haukuwa nchi moja. Ulikuwa na watemi wengi, kila mmoja na eneo lake, wengine wakubwa na wengine wadogo kabisa, na Uyowa ilikuwa katika hao wadogo. Kwa lugha yetu tuseme timu ya daraja la tatu, haina uwanja wala mfadhili.

Timu kubwa ilikuwa Unyanyembe, yaani pale Tabora penyewe. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka Zanzibar na Bagamoyo walikuwa wamefanya makazi pale, na njia kuu ya misafara ilipita hapohapo: Bagamoyo, Ugogo, Tabora, halafu Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu. Kutoka pwani hadi Tabora peke yake msafara ulitembea kama miezi mitatu. Zilipanda nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Zikashuka pembe za ndovu na watumwa. Wapagazi wenyewe wengi walikuwa Wanyamwezi, vijana wa umri wenu, waliobeba mzigo wa kilo 30 begani kwa wiki nyingi na kuona ni jambo la kujivunia. Kwa Mnyamwezi wa enzi hizo, kijana ambaye hajafika pwani alikuwa bado hajawa mtu.

Kila mtemi ambaye msafara ulipita kwake alidai malipo ya njia, nayo yaliitwa hongo. Ndiyo, neno hilihili tunalolitumia leo kwa rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru halali wa mwenye nchi. Aliyekaa juu ya njia alipata nguo na bunduki. Aliyekaa pembeni ya njia aliangalia wenzake wakinenepa. Hayo ndiyo mashindano aliyozaliwa nayo Mirambo.

Sasa mwanzo wake. Masimulizi yanasema akiwa kijana alitekwa na Wangoni, wale ambao kule wanaitwa Watuta, waliopanda kutoka kusini ya mbali na kuingia hadi Unyamwezi. Akakaa nao. Akajifunza lugha yao na namna yao ya kupigana: vijana wamepangwa vikosi kwa vikosi, wanakimbia pamoja, wanazunguka adui, wanapiga kwa ghafla. Wasafiri waliokutana naye baadaye walimsikia akikiongea Kingoni. Yaani fikiria, huyu mtu ambaye leo ana sekondari na kambi ya jeshi alianza maisha kama mateka. Ndiyo dakika ya 4 hiyo wadau, mpira uko wavuni.

Burton na Speke walipofika Tabora mwishoni mwa mwaka 1857 wakitafuta chanzo cha Nile, yeye alikuwa kijana wa miaka 17 hivi ambaye hakuna msafiri angepoteza wino kumwandika. Baba yake alipofariki akarithi Uyowa, na mtu mwenye papara angeanza vita kesho yake. Yeye hakuanza.

Nadhani alikuwa anaangalia wenzake. Pale Unyanyembe palikuwa na mtemi anaitwa Mnywa Sele, aliyeingia madarakani baada ya mtemi Fundikira kufariki. Mnywa Sele alitaka wafanyabiashara walipe ushuru wa bidhaa. Wenyewe wakakataa, wakamwondoa kwa nguvu karibu na mwaka 1860, wakamweka Mkasiwa ambaye waliona wataelewana naye. Mnywa Sele akaingia porini, akapigana miaka, akaziba njia hapa na pale, hadi akauawa mwaka 1865. Alikuwa na haki na alikuwa na ujasiri. Alianza kwa kasi sana, ila hakuwa na bunduki za kutosha, hakuwa na jeshi lililozoeana, na nyumbani kwake kwenyewe watu walikuwa wamegawanyika. Kuanza kwa kasi hakukumsaidia kitu.

Mirambo katika miaka hiyohiyo ya 1860 alikuwa anajenga polepole. Akaunganisha Uyowa na Ulyankulu. Akachukua jirani mmoja, kisha mwingine. Pembe alizopata akazigeuza bunduki na baruti. Na akakusanya vijana walioitwa rugaruga. Hawa walikuwa mchanganyiko: wengine mateka kama alivyokuwa yeye, wengine wapagazi waliokosa msafara, wengine waliokimbia makwao. Alipendelea vijana wasio na mke wala watoto, kwa sababu aliona mwenye familia akifika vitani moyo unabaki nyumbani. Akawapanga kwa mtindo wa Wangoni halafu akawaongezea bunduki za pwani. Na alikimbia nao mwenyewe mbele, hakuwa wa kutoa amri akiwa chini ya mwembe.

Hapa nisiwadanganye. Vijiji vilichomwa. Watu walichukuliwa mateka, wakauzwa. Hakuwa babu mpole wa kwenye kalenda, na waliokuwa chini ya moto wake wasingemwekea jina kwenye shule. Jina lenyewe la Mirambo ni jina la vita, linaelezwa kuwa linahusu maiti. Nampa sifa ya akili yake, sisemi kila alichokifanya kilikuwa chema.

Kufika mwaka 1871 ile timu ya daraja la tatu ilikuwa imekaa juu ya njia ya kwenda Ujiji. Msafara ukitaka kupita lazima uongee naye. Wafanyabiashara wa Tabora hawakupenda. Kulikuwa na ugomvi wa madeni ya pembe, kulikuwa na ugomvi wa hongo, na kulikuwa na dharau: huyu wa juzi juzi anatuzibia sisi njia? Naye akaifunga njia kweli.

Wakati huohuo akafika Tabora mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley, akimtafuta Livingstone ambaye alisemekana yuko Ujiji. Akakuta njia imefungwa. Akaona ni heri aungane na Waarabu wampige Mirambo mara moja, yeye aendelee na safari yake. Akaleta na watu wake wenye bunduki.

Mwanzoni mwa mwezi wa 8 mwaka 1871 wakatoka watu zaidi ya 2,000, bendera na ngoma mbele, wakapita Mfuto. Wakaipiga Zimbizo, kijiji cha upande wa Mirambo, wakakiteka kwa muda mfupi. Siku iliyofuata kikosi cha watu kama 500 chini ya kijana Mwarabu aitwaye Soud kikasonga hadi Ulyankulu, alipokuwa Mirambo mwenyewe. Wakapiga risasi, wakavunja lango, wakaingia. Mirambo akatoka upande wa pili na watu wake akaondoka. Boma likatekwa.

Ebu simama hapo kidogo. Wewe ni shabiki wa Mirambo, umekaa jukwaani. Zimbizo imekwenda, Ulyankulu imekwenda, mtemi wako kaonekana anatokea mlango wa nyuma. Dakika ya 20 mbili bila. Najua ungesema nini, maana na mimi ningesema hivyohivyo. Aondoke!

Ila wale jamaa mle ndani walianza kubeba. Kwa hesabu ya Stanley zilikuwa pembe zaidi ya mia, robota za nguo, na mamia ya watumwa. Kila mtu akajitwisha alichoweza. Wakaanza kurudi Zimbizo wamelemewa, bunduki mgongoni, midomo imejaa vicheko. Na njia yao ilikuwa inapita kwenye majani marefu.

Mirambo hakuwa amekimbia. Alikuwa amelala kwenye yale majani pande zote mbili za njia. Rugaruga wakainuka kwa pamoja. Soud akauawa pamoja na Waarabu wenzake, watu wao wengi wakafa, na mali yote ikarudi ilikotoka. Habari ilipofika Zimbizo usiku ule, jeshi zima likavunjika. Kesho yake kila mtu alikuwa anatafuta njia ya Mfuto, na Stanley ambaye alikuwa anatetemeka kwa homa akajikuta karibu wote wamemwacha.

Siku hizi makocha wanaita shambulizi la kushtukiza. Unamwachia mwenzako mpira, unamwacha apande na beki zake zote, ukishaona amesahau nyuma, unatoka. Lakini angalieni kilichomfanya aweze. Vijana wake walipoona boma limetekwa hawakutawanyika kila mtu kwao. Walijua mahali pa kukutana na walimwamini aliyewaambia walale kimya. Kitu hicho hakijengwi siku ya mechi, kilijengwa ile miaka kumi ambayo hakuna aliyekuwa anamwangalia.

Tarehe 22 mwezi huohuo wa 8 akaja Tabora yenyewe. Mfanyabiashara mmoja maarufu, Khamis bin Abdullah, akatoka kumkabili na watu wachache, akazingirwa, akauawa. Sehemu ya mji ikachomwa. Stanley alikuwa amejifungia kwenye tembe pale Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, ametoboa matundu ya bunduki ukutani, anasubiri zamu yake. Hiyo nyumba ya Kwihara ndipo ilipo makumbusho ya Livingstone, wengi wenu mmekwenda na darasa lenu mkaonyeshwa mlango tu, hamkuambiwa nani alikuwa nje.

Mirambo hakuichukua Tabora. Akarudi nyuma. Stanley ikabidi azunguke mbali kusini ndipo akaibukia Ujiji, ambako kwa hesabu yake mwenyewe alikutana na Livingstone mwezi wa 11 mwaka 1871. Kile kisa dunia nzima inakijua kimecheleweshwa na mtemi wa Uyowa. Livingstone naye alipoletwa Kwihara mwaka 1872 alikaa pale miezi kibao akisubiri wapagazi kutoka pwani, vita bado inaendelea pembeni yake.

Vita ile ilidumu kama miaka mitano. Pembe zikaadimika Zanzibar. Sultani Barghash akatuma askari kuja kuwasaidia watu wake wa Tabora, hawakuweza kummaliza. Naye Mirambo hakuweza kuwang'oa wao. Kufika 1876 pande zote zilikuwa zimechoka na kukawa na maelewano: misafara inapita, Mirambo anapata chake. Yule wa juzi juzi sasa alikuwa anaongelewa na konsuli wa Uingereza Zanzibar, John Kirk.

Mwezi wa 4 mwaka 1876 Stanley akapita tena kule, safari hii akitokea maziwa makubwa, na akakutana naye uso kwa uso. Alitegemea kuona jambazi mwenye macho mekundu. Akakuta mtu mrefu wa miaka kama 35, mtulivu, sauti ya chini, adabu nyingi. Wakachanjana damu, wakawa ndugu. Stanley aliyekuwa amemwita haramia sasa akamfananisha na Napoleon.

Miaka iliyofuata ndiyo kilele. Mwaka 1879 akaja mmisionari daktari Mwingereza, Southon, Mirambo akamkaribisha akae Urambo. Si kwamba alitaka kubatizwa. Alitaka dawa, alitaka mtu wa kumsomea na kumwandikia barua za Zanzibar, alitaka dunia ijue yupo. Southon akakaa hadi alipofariki mwaka 1882 kwa ajali ya bunduki. Tippu Tip naye, mfanyabiashara mkubwa kuliko wote wa njia ile, akapatana na Mirambo mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ndoto yake ilikuwa njia zote za Tabora, Ujiji na hadi upande wa Buganda zipite kwenye mkono wake.

Kilichomharibia ni mwezi wa 6 mwaka 1880. Jeshi lake lilishambulia kijiji kule Mpimbwe, na ndani yake walikuwemo Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa kwenye kazi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, ile ya kujaribu kutumia tembo wa kutoka India kubeba mizigo Afrika. Wote wawili wakauawa. Mirambo alisema hakukusudia, lakini Kirk hakumwamini tena kama zamani. Na vita zenyewe hazikukoma. Kila mwaka alikuwa njiani na rugaruga wake, kaskazini, magharibi, kusini. Ukiwa na vijana waliozoea kula kwa kuteka, ukisimama tu wana njaa.

Halafu koo likaanza kumuuma. Alikuwa na miaka 40 na kidogo. Akadhoofika, na tarehe 2 Desemba 1884 akafariki.

Hapa ndipo nilipotaka tufike.

Kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Kupatana na Tippu Tip kulikuwa kwa yeye. Undugu wa damu na Stanley ulikuwa wa yeye. Rugaruga walimfuata yeye, si kiti. Watemi aliowashinda walimwogopa yeye. Akarithi ndugu yake, Mpandoshalo, na nchi ikaanza kumeguka mkononi mwake kama mkate mkavu. Mmoja baada ya mwingine wakajitoa. Mwaka 1890 Mpandoshalo akauawa akipigana na Wangoni, haohao waliomfundisha kaka yake vita. Mwaka huohuo Wajerumani wakafika Tabora. Walipokuja kupigana hakuwapo Mirambo wala jeshi la Mirambo. Aliyesimama alikuwa Isike wa Unyanyembe, ambaye walipomvunjia boma mwezi wa 1 mwaka 1893 alijilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Miaka zaidi ya ishirini ya kujenga, kisha miaka sita tu ya kubomoka.

Watu tunamkumbuka kwa ile siku ya majani marefu, na tunapenda kusema alianza nyuma akashinda. Kweli alishinda. Lakini mchezo wake haukuharibikia mwanzoni, uliharibikia kwenye dakika za lala salama, alipotoka yeye uwanjani na benchi likawa tupu.

Sasa turudi chuoni.

Yule kocha niliyempigia kelele nikiwa mwaka wa pili aliondoka kweli. Tulishangilia, tukanywa soda. Akaja mwingine. Mechi yake ya kwanza tukafungwa dakika ya 6. Ya pili dakika ya 11. Kumbe tatizo halikuwa kocha, tatizo nusu ya timu ilikuwa inatoka kwenye kipindi cha darasani saa 9 na nusu na mechi inaanza saa 10, watu wanavaa viatu huku refa anapuliza. Hakuna aliyepasha misuli. Tungemuuliza yule mtu wa kwanza angetuambia, maana baadaye nilisikia aliwahi kulisema na hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa anajitolea, nauli anajilipia mwenyewe. Nilikuja kukutana naye stendi miaka kadhaa baadaye, nikamwamkia, akaniitikia vizuri tu. Niliona aibu mpaka leo.

Na kuchelewa kuamka si mwisho wa dunia. Mnakumbuka Agosti 18 mwaka 2024, timu ya mji, wakati huo ikiitwa Tabora United, ilivyofungua ligi kwa kupigwa 3 bila na Simba. Mjini watu walishazika. Novemba 7 mwaka huohuo wakaenda Dar wakaichapa Yanga 3 kwa 1, nchi nzima ikauliza Tabora ni wapi. Wangevunja kila kitu ile Agosti, hiyo Novemba wangeipata wapi?

Kwa hiyo mimi Jumamosi nitakuja na sauti yangu ni ya kumbakisha kocha. Lakini nina ajenda ya pili ambayo sijaiona kwenye karatasi yenu. Yale mabao mawili ya kusawazisha yalitoka kwa nani? Mtu mmoja. Kona anapiga nani? Yeye. Anayewatuliza wenzake tukifungwa nani? Yeye. Na yule dogo anamaliza mwezi wa 7, anarudi kwao. Nani anakaa naye sasa hivi kujifunza kona zake? Yule wa mwaka wa kwanza anayekaa benchi na kuokota mipira ameshacheza dakika ngapi? Nimehesabu. Hajacheza hata moja.

Mnahangaikia dakika ya 4. Mimi nahangaikia mwezi wa 7.

Nikija likizo huwa nafanya kitu kimoja. Jioni natembea kule zinakoanzia embe za zamani, zile ambazo watu wa misafara walikuwa wakitupa kokwa zikaota. Misafara imekwisha, reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na wapagazi wakakosa kazi, Mirambo hayupo, aliyempiga na aliyempigwa naye wote hawapo. Zile embe kila msimu zinazaa, na watoto wanazirushia mawe. Aliyetupa kokwa hakuzila.

Mpeni yule wa mwaka wa kwanza nusu saa kwenye mechi ijayo. Hata kama tunafungwa. Hasa kama tunafungwa.

Nawasilisha. Wanaobisha na watani wangu Wasukuma, uwanja ni wenu hapo chini kwenye maoni, ila matusi hapana. Na mwenye babu au bibi wa Urambo au Ulyankulu aliyesimuliwa habari za mtemi na wazee wake, aiandike hapo tuisome wote kabla haijapotea.